Miaka Mitatu Bila Kuulizwa: Kisa cha Mpogoaji Zabibu

Aprili 2023 niliingia katika gereza moja la mkoa wa Dodoma nikiwa na daftari, kalamu mbili na barua ya ruhusa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua watu wa aina yangu, na kazi yetu gerezani ni kuwaeleza watu hatua za kesi zao, kuwasaidia kuandika barua, na kufuatilia majalada yaliyokwama. Mahabusu zaidi ya sitini walikuwa wamekaa chini, watano watano, kwenye kivuli cha mwarobaini. Nikaanza na swali nililokuja nalo kutoka nyumbani: ni jambo gani linawaumiza zaidi humu ndani?

Nilijiandaa kusikia habari za chakula na malazi. Zilitajwa, na zina uzito wake: dona na maharage siku nenda siku rudi, kulala mzungu wa nne hadi mmoja akitaka kugeuka lazima safu nzima igeuke, ndoo ya usiku. Lakini walizitaja kwa kupita, kama mtu anavyotaja vumbi la Dodoma mwezi wa tisa. Kisha kijana mmoja wa mstari wa tatu akanyoosha mkono.

"Dada, mimi tangu nije humu sijawahi kuulizwa."

"Kuulizwa nini?"

"Kama niliua."

Wenzake walinyamaza. Mzee mmoja nyuma yake alitikisa kichwa taratibu, na baadaye niligundua kwamba yeye alikuwa anangoja kwa muda mrefu kuliko huyo kijana.

Kisa hiki nakisimulia kwa ruhusa yake. Jina lake silitaji, wala kijiji, wala ofisi yoyote iliyohusika.

Alikuwa na miaka 24 alipokamatwa. Kazi yake ilikuwa kupogoa mizabibu katika mashamba ya watu, katika moja ya vijiji vya zabibu vinavyolizunguka jiji. Usiku wa Jumamosi, tarehe 28 Agosti 2021, wakati wa mavuno, alikuwa kilabuni pamoja na vibarua wenzake, wakinywa ujimbi. Palitokea ugomvi wa pesa ya kibarua kati ya watu wawili, na mmoja akapigwa rungu la kichwa. Kijana anasema yeye alikuwa nje, akasikia kelele, akaingia na kukuta mtu ameanguka. Ndiye aliyembeba hadi kwenye pikipiki. Yule mtu alifariki alfajiri ya tarehe 29. Shati la kijana lilikuwa na damu, na lilikuwa bado limeanikwa uani polisi walipofika. Akakamatwa yeye na yule aliyetajwa na watu wengi kuwa ndiye aliyepiga. Wote wawili wakashtakiwa kwa mauaji.

Polisi, kwa kweli, walimuuliza. Nilimkumbusha hilo siku ileile chini ya mwarobaini. Akakubali kwamba askari aliandika maelezo, akamsomea, naye akaweka dole gumba. "Lakini pale nilikuwa naulizwa na aliyenikamata. Mahakamani ndiko nilikodhani nitasema."

Hapo ndipo mahali pagumu kueleweka kwa mtu ambaye hajapita huko. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Lakini mshtakiwa hupelekwa kwanza mbele ya hakimu wa mahakama ya chini, ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza. Siku ya kwanza karani humsomea shtaka, kisha huambiwa maneno ambayo kila mahabusu wa mauaji anayajua kwa moyo: hutakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama hii haina uwezo wa kusikiliza shauri hili. Dhamana hakuna. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaizuia kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na makosa mengine kadhaa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema zuio hilo linakwenda kinyume na Katiba, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Zuio lipo. Hivyo mtu hurudishwa mahabusu, na kesi hutajwa kila baada ya siku 14 kungoja upelelezi, kisha jalada lipite kwa waendesha mashtaka, kisha yeye akabidhiwe Mahakama Kuu.

Siku nilipokutana naye kesi yake ilikuwa imetajwa mara arobaini na tatu. Alikuwa anazihesabu. Kila mara wakili wa Serikali alisimama na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu akapanga tarehe. Jambo lote, kwa maelezo yake, huchukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu viwili.

Nilimuuliza amehesabuje kwa uhakika hivyo. Akasema mwanzoni alihesabu kwa zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, kisha mwezi wa nane na wa tisa. Karandinga lililowapeleka mahakamani lilipita barabara ambayo kina mama huuza zabibu pembeni, kwenye mabeseni. Kwenye wavu wa dirisha kulikuwa na nafasi ya jicho moja. Akiona mabeseni yamejaa, anajua msimu umefika, na kwamba kuna mtu mwingine amepogoa ile mizabibu yake. Kisha baadhi ya kesi zikaanza kutajwa kwa njia ya video, mahabusu akiwa palepale gerezani. Mimi nimewahi kuusifu utaratibu huo mbele ya watu, kwa sababu unaokoa mafuta na unapunguza kero ya karandinga kuharibika njiani. Kwake ulimaanisha kutoziona zabibu tena. Ndipo akaanza kuandika mistari kwa penseli nyuma ya hati yake ya mashtaka. Hati hiyo alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka mikunjo imechanika, akaishona kwa uzi uliochomolewa kwenye pindo la shati. Nimeishika mkononi. Mishono ilikuwa midogo na iliyonyooka.

Siku hiyo alinionyesha pia jinsi ya kupogoa, akitumia kalamu yangu kuwa tawi. Unaacha macho mawili au matatu, unakata kwa kuinamisha mkasi ili maji yasitulie juu ya jeraha. Ukiacha macho mengi mti unakupa majani. Alieleza kwa uchangamfu wa mtu anayeulizwa jambo analolijua. Afande aliyekuwa karibu naye akasogea kusikiliza.

Maneno yake kuhusu kuulizwa yaliniongoza katika ziara zilizofuata. Nilianza kuwasikiliza mahabusu na wafungwa kwa kuwalinganisha, na nikaona kitu nilichokuwa nakipita bila kukitazama. Mfungwa ana tarehe. Amevaa sare ya rangi ya chungwa, anatoka asubuhi kwenda shambani au karakana, anajua kwamba akiwa na nidhamu atapunguziwa theluthi moja ya kifungo, na anaweza kukuambia mwezi na mwaka atakaorudi uraiani. Anaweza kukata rufaa, na gereza linamsaidia kuifikisha. Sikukuu za kitaifa zikikaribia anasikiliza redio, kwa sababu ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533, na tarehe 26 Aprili 2021 wafungwa 5,001. Mahabusu naye husikiliza redio hiyohiyo akijua kwamba tangazo halimhusu. Hawezi kusamehewa mtu ambaye hajatiwa hatiani. Katiba inasema, katika ibara ya 13, kuwa ni marufuku kumtendea mshtakiwa kama mtu mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na mahabusu wengi wanaijua ibara hiyo kuliko watu wa mtaani. Lakini wakikaa na kuangalia maisha ya pande mbili za uzio wa ndani, wanaona aliye na hatia ana kalenda na asiye na hatia hana.

"Afadhali wanifunge nijue," aliniambia mahabusu mwingine, mtu mzima mwenye watoto, ambaye alikuwa ameshakana kosa lake mbele yangu mara mbili. Sentensi hiyo nimeisikia katika magereza zaidi ya moja, kwa maneno yaleyale. Naichukulia kwa uzito mkubwa. Mtu akifika mahali pa kutamani hukumu ya jambo asilolifanya, ngojangoja yenyewe imekuwa adhabu kubwa kuliko ile anayoiogopa. Na anayoiogopa si ndogo: adhabu ya mauaji kisheria ni kunyongwa, jaji hana chaguo lingine, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990.

Mshtakiwa mwenzake alichagua kujua. Katikati ya 2023 aliomba kukiri kosa dogo zaidi, la kuua bila kukusudia. Upande wa mashtaka ukakubali, akapelekwa Mahakama Kuu, akakiri, akapewa miaka mitano. Sheria inamtaka anayetoa adhabu azingatie muda uliokaliwa mahabusu, na jaji alisema ameuzingatia. Ukiondoa theluthi ya nidhamu, inabaki miaka mitatu na miezi minne. Jioni ile alirudi gerezani akiwa amebadilishiwa nguo, na kwa mara ya kwanza, anasema kijana, alicheka.

Kijana naye alishauriwa afanye hivyohivyo. Walimshauri wenzake wa seli, na nyampara mmoja mwenye roho nzuri, kwa nia njema kabisa. Alinisubiri kwa wiki tatu aniulize. Sikuwa na ruhusa ya kumwamulia, na hata ningekuwa nayo nisingeitumia. Nilimweleza maana ya kukiri: kwamba ataulizwa na jaji kama maelezo yaliyosomwa ni ya kweli, na atatakiwa kusema ndiyo.

"Kwa hiyo hapo ndipo nitaulizwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na jibu limeshaandikwa."

Alikataa. Nililala vibaya siku ile, kwa sababu niliona kabisa kwamba anayekataa kusema uongo anabaki ndani na aliyekiri anahesabu siku zake kurudi nyumbani.

Tuliandika barua tatu kupitia kwa mkuu wa gereza, ambaye alizipitisha zote bila kuchelewa. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mistari miwili: suala lake linafanyiwa kazi. Alimweleza pia jaji aliyekuja kukagua gereza, na jaji akaandika jina lake. Mwaka huo Tume ya Haki Jinai, iliyoundwa na Rais kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai na kuongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikuwa kazini, na Julai 2023 ikakabidhi ripoti yake kwa Rais. Kila nilipoingia nilipokewa na swali lilelile: dada, Tume imesemaje? Niliwasomea niliyoyapata magazetini. Waliitegemea sana kuliko watu wa nje.

Machi 2024 jalada likarudi. Akapelekwa mahakamani kwa hatua ya kukabidhiwa Mahakama Kuu, ambayo mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi wote. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Yalisomwa maelezo ya watu kumi. Saba walimtaja mshtakiwa wa kwanza kuwa ndiye aliyeshika rungu. Wawili, daktari na mpelelezi, hawakuwa kilabuni. Mmoja tu alimtaja kijana, akisema alimwona akiwa amemshika marehemu, na akaongeza kwamba alikuwa akiita watu walete pikipiki.

Nilichokiandika mimi kwenye daftari ni tarehe, kwa sababu kila maelezo yalisomwa na tarehe yake. Daktari: 30 Agosti 2021. Mashahidi wa kilabuni: wiki ya kwanza ya Septemba. Wa mwisho kabisa, mwenye pikipiki: 8 Oktoba 2021. Nilihesabu kwa vidole palepale kwenye benchi. Ni siku ya arobaini tangu yule mtu afariki. Familia yake ilipokuwa ikiandaa arobaini, kila neno lililosomwa leo mahakamani lilikuwa limeshaandikwa na kutiwa saini. Kuanzia hapo hadi Machi 2024 hakuna karatasi hata moja iliyoongezwa. Hata hivyo, mara zaidi ya sitini, mahakama iliambiwa kuwa upelelezi haujakamilika.

Nimefikiri sana ni nini kilitokea, na sidhani kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua kumtesa. Jalada lilisafiri kati ya ofisi mbili. Mpelelezi alihamishwa kituo. Lilirudishwa mara moja kwa ajili ya ramani ya eneo la tukio iliyokuwa haijasainiwa, likakaa. Wakili wa Serikali anayesimama mahakamani siku ya kutajwa huwa na kesi nyingi asubuhi hiyo, na mara nyingi jalada analolisemea halipo mkononi mwake; ana orodha tu. Yule aliyetamka yale maneno mara ya thelathini pengine hakujua kwamba si ya kweli. Na hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya ubaya wa makusudi, kwa sababu mbaya unaweza kumshtaki.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Ni hatua nzuri, nimeona vijana wa wizi mdogo wakinufaika nayo. Lakini makosa makubwa, na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, yaliachwa nje ya sharti hilo. Naelewa sababu: mtu anayetuhumiwa kuua hawezi kuachwa mtaani wakati mashahidi wanatafutwa, na kuna wakati kukamatwa ndiko kunakomwokoa yeye mwenyewe na hasira za wananchi. Ninachoshindwa kukielewa ni kwa nini sentensi ile ikishasemwa hakuna anayeuliza neno moja: nini? Nini hakijakamilika? Hakimu asiye na mamlaka ya kusikiliza kesi hakatazwi kuuliza hivyo, na nimewaona mahakimu wanaouliza, tena wanaandika jibu kwenye mwenendo wa shauri ili tarehe ijayo wakili asirudi na lilelile. Kwa mahakimu hao, majalada hutembea. Katika kesi hii, kama swali hilo lingeulizwa Desemba 2021, jibu la kweli lingekuwa: hakuna, kila kitu kipo.

Mama wa marehemu naye alikuwepo Machi ile. Amevaa khanga mbili, amekaa mbele. Nilimsalimia nje, nikampa pole. Akaniambia hajui kesi ya mwanawe ilikuwa wapi siku zote hizo, na kwamba alisikia aliyepiga ameshafungwa kutoka kwa jirani, baada ya miezi. Hakuna aliyempigia simu. "Na huyu mwingine?" nikamuuliza. Akasema, "Huyu ndiye aliyenibebea mwanangu." Alikuwa anajua tangu mwanzo. Naye hakuulizwa.

Oktoba 2024, Mahakama Kuu, kabla hajasomewa shtaka ili ajibu, wakili wa Serikali alisimama na kusema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri dhidi yake. Jaji akamwachia. Ilikuwa miaka mitatu na miezi miwili, na misimu sita ya zabibu. Aligeuka kunitafuta kwa macho kama mtu anayeuliza kama ni sasa au kuna kingine. Mdomo haukufunguliwa hata siku hiyo.

Aliporudi kijijini watu walimpokea vizuri, wakachinja kuku, na wengi wakamwambia neno ambalo halimtoki kichwani: hongera, umesamehewa. Alijaribu kueleza kwamba msamaha ni wa aliyekosa. Wakasema ndiyo, ndiyo, cha msingi umetoka.

Mwishoni mwa Novemba alikuja ofisini kwetu. Mwenye shamba mmoja alikuwa tayari kumpa kazi, ila alitaka karatasi. Kijana alikuwa nayo ile ya gerezani, inayoonyesha jina, namba ya kesi na tarehe ya kutoka. Mwenye shamba aliisoma akamwambia hii inasema umetoka, haisemi kwamba hukuua. Na ni kweli. Shtaka likiondolewa na upande wa mashtaka si sawa na kuachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa. Anaweza kushtakiwa upya, ingawa tangu marekebisho ya 2022 hawapaswi kumkamata tena mpaka ushahidi uwe tayari. Nilimweleza hayo kwa uangalifu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dada, karatasi ya kusema sikuua inatoka wapi?"

Nikamwambia haipo. Nilimwandikia barua yenye mhuri wetu, nikaeleza tarehe ya kukamatwa, tarehe ya shtaka kuondolewa, na kwamba hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani kwa kosa lolote. Aliisoma mara mbili kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mapya pale mkasi unapokaa. Akaikunja barua mara moja tu, akaiweka ndani ya daftari isipate mikunjo, akaaga. Alitaka kuwahi gari la saa nane, maana mizabibu mingi ilikuwa bado haijapogolewa na mvua zilikuwa zinakaribia.